Maji haya yanakwenda wapi? Swali la kale la Nyangwe na maji machafu ya leo



Siku chache zilizopita mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Salamabila alinisimamisha kisimani. Alikuwa anangoja zamu yake na bidoni mbili. Akaniambia: "Mwanangu wa redio, kila siku munasemaka habari za serikali. Leo nielezee kitu kimoja. Vyoo vyetu vyote hivi, vya wenyeji na vya sisi wahami, mvua ikinyesha maji yake yanaendaka wapi?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja mwanafunzi akadakia: "Mama, katika miji mikubwa wanatumia pampu. Wanajenga kituo, mashine inasukuma uchafu mbali, unaisha." Mama akamtazama. "Unaisha, ao unafika kwa wengine?"

Kijana alinyamaza, na mimi pia nilinyamaza. Nilimwahidi mama kwamba nitatafuta na kuleta jibu. Nilipoanza kutafuta nikaona swali lake si geni. Watu walikwisha kuliuliza hapa hapa Nyangwe, miaka zaidi ya 150 iliyopita.

Watatu waliouliza

Mwisho wa mwezi wa tatu 1871, mzee David Livingstone aliingia Nyangwe akitokea Kabambare, ambako vidonda vya miguu vilikuwa vimemfunga kwa miezi mingi. Alisimama kando ya Lualaba akajiuliza: maji haya yanakwenda wapi? Yeye aliamini ni mwanzo wa mto Nile. Alitaka mitumbwi ateremke nayo aone mwisho wake, lakini hakuipata.

Alichokipenda hapa ni soko. Aliandika juu ya maelfu ya watu waliokusanyika, wengi wao akina mama, wenye samaki, vyungu, chumvi na vyakula. Kisha ikaja siku ya tarehe 15 Julai 1871. Watu wa Dugumbe walifyatua bunduki ndani ya soko lile. Akina mama walikimbilia mitumbwi, wengi wakajitupa majini. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alirudi Ujiji na moyo mzito, bila jibu la swali lake.

Mwezi wa nane 1874 akafika Cameron. Yeye alipima upana wa mto, nguvu yake na kimo cha nchi, akaona haiwezekani uwe Nile. Yeye pia alinyimwa mitumbwi, akaenda zake kwa njia ya kusini. Wa tatu ni Stanley. Aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 pamoja na Tippu Tip, akafuata maji hadi akatokea Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, tarehe 9 Agosti 1877. Jibu likapatikana: maji ya Nyangwe yanapita Kindu, yanapita Kisangani, yanafika hadi bahari ya magharibi.

Tunajua sana yaliyofuata baada ya jibu lile, na wazee wetu waliyalipa. Lakini leo nataka tubaki kwenye somo moja dogo. Maji ya Nyangwe hayaishii Nyangwe. Na maji tunayokunywa hayaanzii hapa, yanatoka Kongolo, yanatoka Kabalo, ambako mto Lukuga huleta maji ya ziwa Tanganyika kutoka Kalemie. Sisi ni wa chini kwa watu wa Kongolo, na ni wa juu kwa watu wa Kindu.

Mji wa vilima viwili

Cameron na Stanley wote wawili waliandika juu ya namna mji wa zamani ulivyokaa. Nyangwe ilikuwa na sehemu mbili, kila moja juu ya mwinuko wake. Upande wa kaskazini palikuwa kwa Dugumbe, upande wa kusini palikuwa kwa Sheikh Abed bin Salim. Katikati palikuwa na bonde lenye majimaji. Katika bonde lile watu walipanda mpunga, na Lualaba ikifurika, maji yalilifunika.

Cameron alisifu mahali pale. Aliona kwamba ukingo wetu wa kuume uko juu, una hewa nzuri, na watu hawaumwi homa sana, lakini ukingo wa pili uko chini na una mabwawa mengi. Kwa akili ya wakati ule waliamini hewa mbaya ndiyo inayoleta homa. Leo tunajua ni mbu. Hata hivyo waliochagua kukaa juu hawakukosea.

Lakini tujiulize: uchafu wa vilima viwili ulishukia wapi? Maji hayapandi. Ulishukia bondeni, kwenye mpunga, kisha mtoni. Na mji ulikuwa mkubwa. Daktari Hinde, aliyekuja na jeshi la Dhanis lililoteka Nyangwe mwezi wa tatu 1893, alikadiria kwamba ulikuwa na watu kama 30,000. Baada ya mapigano hakikubaki kitu isipokuwa nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari kuizunguka.

Wazee husema aliye juu mngoje chini. Kwa mambo ya maji machafu methali hiyo haisaidii. Aliye juu anabaki juu. Kinachoshuka ni uchafu wake.

Pampu za London na barua ya watu wa Barking

Sasa turudi kwa kijana wetu na pampu yake. Tuanze na namna kituo kama hicho kinavyofanya kazi. Mifereji ya chini ya ardhi inateremsha maji ya vyoo na ya jikoni hadi mahali palipo chini kuliko pote. Hapo pana shimo kubwa. Pampu inayavuta kutoka shimoni na kuyapandisha kwa bomba nene hadi upande mwingine, ambako yanaweza kuteremka tena yenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Pampu haisafishi kitu. Inahamisha.

Miaka ile ile Livingstone alipokuwa akizunguka kwetu, mji wa London nchini kwake ulikuwa unamaliza kazi kubwa ya namna hiyo. Kabla yake uchafu wote wa London ulimwagika katika mto Thames, na watu walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu kiliwamaliza kwa maelfu.

Mwaka 1855 sheria ilianzisha baraza la kusimamia kazi za mji mzima. Mhandisi wake, Joseph Bazalgette, alitoa mpango mwaka 1856: mifereji mikubwa ikusanye uchafu wote, pampu za mvuke ziuinue, umwagwe mashariki mwa mji. Waziri aliyepewa kazi ya kuchunguza mpango huo aliukataa. Sheria ilikataza uchafu kumwagwa ndani ya mipaka ya mji, naye akaona mdomo wa mfereji uko karibu mno. Wakabishana miaka miwili.

Kilichomaliza ubishi ni harufu. Kiangazi cha 1858 kilikuwa na joto kali, na jumba la bunge liko kando ya mto. Walilowesha mapazia ya bunge kwa dawa ili wabunge waweze kupumua. Tarehe 2 Agosti 1858 sheria mpya ilipitishwa, baraza likapewa ruhusa ya kuendelea. Wenye uwezo wa kuamua waliposikia harufu wenyewe, kazi ilianza haraka.

Kituo cha pampu cha Crossness kilifunguliwa 1865, cha Abbey Mills 1868. Tuseme haki: kazi ilileta faida kubwa. Kipindupindu cha 1866 kiliua watu zaidi ya 5,000 katika mitaa ya mashariki, ambako mfumo ulikuwa haujamalizika. Baada ya hapo ugonjwa huo haukurudia London tena kwa mlipuko mkubwa.

Lakini uchafu ulikwenda wapi? Ulifikishwa mashariki, ukawekwa katika mabirika, ukaachiliwa mtoni wakati maji yanapwa, bila kusafishwa. Karibu na hapo waliishi watu wa mji mdogo wa Barking. Mwaka 1868 waliandika malalamiko pamoja na padri wao: mto umejaa matope machafu, tunakaa katika uvundo wa London. Serikali ikatuma mchunguzi mwaka 1869. Uchunguzi ukaamua kwamba baraza halina kosa.

Miaka tisa ilipita. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa na meli nyingine karibu na pale uchafu ulipomwagwa, muda mfupi baada ya kuachiliwa kwa maji machafu. Watu zaidi ya 600 walikufa. Waliookolewa walieleza uchafu na harufu ya maji yale. Ndipo uchunguzi mkubwa ukaanza mwaka 1882, na mwaka 1884 ukasema wazi kwamba uchafu mbichi usimwagwe tena mtoni. Kuanzia 1887 walitenganisha tope na maji, wakapakia tope katika meli na kwenda kulitupa baharini. Waliendelea hivyo hadi 1998.

Kutoka mtaani hadi mtoni, kutoka mtoni hadi Barking, kutoka Barking hadi baharini. Kila mara mtu mmoja alipumua na mwingine akaziba pua. Watu wa Barking walisema kweli miaka kumi na sita kabla ya kusikilizwa.

Goma 1994

Tusidhani haya ni mambo ya Wazungu wa zamani. Katikati ya mwezi wa saba 1994, ndani ya siku chache tu, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando yake. Nchi ile ni ya mawe ya volkano. Kuchimba choo kulihitaji mashine ao baruti. Watu walijisaidia walipoweza, wakachota maji ya ziwa Kivu yale yale. Kipindupindu kilifika, kikafuatwa na kuhara damu. Wataalamu waliohesabu baadaye walisema karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza.

Wengi wa marehemu hao hawakufa kwa risasi. Walikuwa wamezikimbia risasi. Waliuawa na maji.

Baada ya msiba ule mashirika ya misaada yalikaa na kujichunguza. Mwaka 1997 yalianza kuandika kanuni zinazoitwa Sphere, ambazo hadi leo zinafuatwa katika kambi nyingi za dunia. Zinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Choo kimoja kisizidi watu 20, na siku za kwanza za dharura watu 50. Shimo la choo liwe mbali na kisima angalau mita 30, na chini ya shimo pabaki angalau mita 1 na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Wahami wanaonisikiliza wazishike namba hizi. Hazikuandikwa kwa kupenda vitabu. Zimetokana na makaburi ya Goma.

Na mto wetu nao unabeba. Mwaka 2011 kipindupindu kilianzia Kisangani, kikateremka na mto pamoja na mashua na wasafiri wake, kikapita Mbandaka, kikafika Kinshasa katika miezi michache. Njia ile ile aliyopita Stanley.

Kampala na kinamasi chake

Mfano wa mwisho uko karibu zaidi na sura ya Nyangwe. Kampala, mji mkuu wa Uganda, umejengwa juu ya vilima, na mabonde yake yana vinamasi. Bonde moja linaitwa Nakivubo. Maji machafu ya katikati ya mji hupelekwa Bugolobi kusafishwa, kisha hupita katika mfereji wa Nakivubo, huingia kinamasini, na mwisho huingia katika ghuba ya ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, mahali paitwapo Ggaba, mji unavuta maji yake ya kunywa.

Kwa miaka mingi kinamasi kilifanya kazi ambayo hakuna aliyeilipia. Mafunjo na matope yake yalichuja uchafu kabla haujafika ziwani. Mwaka 1999 wataalamu walikadiria kwamba kazi hiyo ina thamani ya zaidi ya dola milioni 1 kila mwaka. Lakini watu walilima magimbi na miwa humo, wengine wakajenga, na kinamasi kikapungua nguvu. Maji ya Ggaba yakawa ghali zaidi kusafisha.

Mji ukalazimika kufanya mambo mawili. Ulijenga mtambo mpya wa kusafisha maji machafu pale Bugolobi, na kituo cha pampu huko Kinawataka cha kusukuma maji machafu ya upande wa mashariki hadi kwenye mtambo. Tena ulikwenda kutafuta maji ya kunywa mbali zaidi, Katosi, wilaya ya Mukono.

Ona tofauti yake na London ya kwanza. Kinawataka pampu inasukuma kwenda kwenye mtambo wa kusafisha. Pampu ya namna hiyo ina maana. Pampu inayosukuma kwenda kwa jirani haina maana yoyote, isipokuwa kwa aliye juu.

Na sisi tunalo bonde letu, lile la mpunga ambalo Cameron aliliona. Kabla ya mtu yeyote kuja na ramani na mashine, tulitunze. Tusichimbe vyoo ukingoni mwake.

Sheria inasema nini

Siku moja mradi utakuja. Labda kituo cha pampu mjini Kasongo, labda mtambo mdogo kambini, labda mfereji tu. Basi tujue haki yetu mapema.

Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe uchunguzi kabla ya kuanza, tena wananchi waulizwe. Si baada ya kuchimba. Kabla. Na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu pia kulinda mito na visima.

Ugumu uko kwenye nani anauliza na nani anaulizwa. Sheria inatoa halmashauri kwa sekta na usultani, lakini huku kwetu hatujawahi kupiga kura ya kuzichagua. Mara nyingi kikao kinakuwa cha administrata, mashefu, mashirika, na wachache waliovaa vizuri. Mvuvi Mugenya hayumo. Mama mwenye bidoni hayumo. Mhami anaambiwa: wewe utarudi kwenu, haikuhusu. Lakini mhami ndiye aliyewekwa bondeni, kwa sababu juu pamejaa. Yeye ndiye mtu wa Barking.

Kwa hiyo siku kikao kitakapoitishwa, twende na maswali haya, na tuyaulize kwa sauti:

Maji machafu yatatolewa wapi, na ni nani anayeishi chini ya hapo?

Yatasafishwa kabla ya kumwagwa, ao yatahamishwa tu?

Mafuta ao umeme wa pampu utalipwa na nani mwaka wa kwanza, na mwaka wa kumi je? Mwenye mradi akienda, nani atabaki na ufunguo?

Siku pampu ikizimika, shimo likijaa, maji yatafurikia upande gani?

Watu wa bondeni, wavuvi na wahami wameulizwa, na majibu yao yameandikwa wapi?

Swali la nne msilisahau. Pampu bila umeme ni shimo tu, na sisi tunajua namna umeme ulivyo adimu huku. Pengine choo kizuri kilichochimbwa juu, mbali na kisima, kitatufaa kuliko mashine itakayolala baada ya miezi sita. Hilo pia ni jibu halali katika kikao.

Nilirudi kisimani kumpa mama jibu. Nilimkuta, bidoni zake zimekwisha kujaa. Nikamwambia: "Mama, haviishi. Vinateremka bondeni, vinaingia Lualaba, vinakwenda kwa watu wa Kibombo na Kindu."

Akajitwisha bidoni moja, akasema: "Basi na sisi tunakunywa ya watu wa Kongolo."

"Ndiyo, mama."

"Uwaambie wote," akasema. "Wa juu na wa chini."

Ndiyo nimekwisha kuwaambia. Mungu awarudishe wahami wetu makwao salama.